Bei Hushuka Jumanne

Kibanda cha picha cha Rubani kilikuwa hatua thelathini tu kutoka mlango wa ofisi ya pasipoti, na kwa miaka ishirini na miwili hakuna msafiri wa mtaa ule ambaye hakuikalia stuli yake. Ndani mlikuwa na stuli hiyo, kitambaa cheupe kilichopigwa misumari ukutani, taa mbili, kamera, printa, na kikatio cha karatasi ambacho mpini wake ulikuwa umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Karibu na mlango kilining'inia kioo kidogo cha wateja kuchania nywele. Chini ya kioo aliandika kwa mkono wake mwenyewe: MASIKIO YAONEKANE, USITABASAMU. Mtu akiuliza kwa nini asitabasamu, Rubani hakuchoka kujibu, "Ofisi haipendi furaha. Ukifika huko utacheka mpaka uchoke."

Kisha alimsogelea mteja, akamshika kidevu kwa vidole viwili, akaugeuza uso wake taratibu mpaka macho yakaielekea kamera. Alifanya hivyo kwa mawaziri wadogo, kwa wauza mitumba na kwa watoto wanaolia. Hakuomba ruhusa, na hakuna aliyewahi kumkasirikia.

Yeye mwenyewe hakuwahi kupanda ndege. Jina la Rubani alipewa na watu wa mtaa kwa utani, kwa kuwa nauli za ndege zote alikuwa nazo kichwani. Kwa nauli humwambii kitu. Mteja akishakaa, Rubani alianza kumhoji huku akijifanya anarekebisha taa: unakwenda wapi, lini, umekata kwa kiasi gani? Akitajiwa bei alifumba macho kidogo kama mtu aliyeumwa na jino. "Umepigwa," alisema, na kwa kweli alisikitika, hakuwa anaringa. Halafu mahubiri yakafuata. Nauli hushuka Jumanne mchana, ndipo wenye ndege wanapohesabu viti vilivyobaki na kuingiwa na hofu. Usisafiri Ijumaa, Ijumaa ni ya wenye pesa zao. Usiitafute safari moja mara kumi kwa simu hiyo hiyo, wataijua kiu yako na kukuongezea. Begi dogo la mkononi, nguo nyingine vaa mwilini. Kama hayo ya Jumanne yalikuwa ya kweli, anajua Mungu, lakini wako waliongoja Jumanne wakapata nafuu, na hao ndio walioeneza sifa zake. Waliongoja wakaumia walinyamaza, maana nani anapenda kujitangaza?

Ofa za likizo nazo alizichambua. Watu walimletea simu zao, wakamwonyesha hoteli ya siku nne kwa watu wawili, ndege humo humo, chai ya asubuhi humo humo. Rubani alitazama picha, si bei. "Hili bwawa ni beseni," alisema. "Mpiga picha amelala chini, amelipiga kutoka pembeni. Na chumba hiki, angalia, hakuna picha hata moja inayoonyesha dirisha. Unajua kwa nini? Kwa sababu hakina." Kazi yake ilikuwa imemfundisha jinsi picha zinavyodanganya, na alilijua hilo kuliko alivyojua kitu kingine chochote duniani, hata nauli.

Kwenye simu yake mwenyewe aliweka kengele. Ilikuwa ni programu ya kufuatilia bei: unaitajia safari, nayo inakupigia mlio nauli ikibadilika. Mlio wake ulikuwa wa juu, mfupi, wenye kukera, na safari aliyoitajia ilikuwa moja tu. Watu wawili, yeye na mkewe, kwenda na kurudi, kwa binti yao.

Huyo binti alikuwa mtoto wao wa pekee. Alikuwa amekaa miaka kumi huko ng'ambo, akisafisha vyumba katika nyumba ya kulelea wazee. Karatasi zake za ukaazi zilikuwa bado zinashughulikiwa, na akitoka kabla hazijakamilika, kurudi hakuna. Huko alijifungua mtoto wa kiume, sasa ana miaka mitatu. Bibi yake alimwita "mume wangu", na Rubani kila akilisikia hilo alijitia wivu. "Mwanaume mwenzangu hajambo?" aliuliza kwenye simu. "Mwambie nimeshajua anachotaka kwangu."

Bibi mwenyewe, mke wa Rubani, mtaa mzima ulimwita Mwalimu. Alifundisha darasa la kwanza kwa miaka thelathini na moja, na alipostaafu hakuacha. Alisahihisha mabango ya maduka, akakaripia wanaotupa maganda barabarani. Mwaka uliotangulia alianza kukaripia milango. "Nani ameusogeza huu mlango?" aliuliza, bega limeshagonga mbao. Wakacheka wote wawili. Kisha akamwaga chai kando ya kikombe mara tatu kwa wiki moja, na Rubani akaacha kucheka akampeleka hospitali.

Daktari alikuwa mwanamke mpole na alisema yote kwa mara moja. Ilikuwa presha ya macho. Uoni wa pembeni ulikuwa umekwenda na hautarudi, na wa katikati ulikuwa ukifuata. Kuna dawa ya matone, itachelewesha. Itachelewesha mpaka lini? Daktari alipanga kalamu zake mezani, akasema hawezi kuahidi mwaka.

Walirudi nyumbani kwa miguu. Mwalimu hakulia. Njiani alisimama mbele ya duka la vyombo, akasoma bei za sufuria moja moja kwa sauti, kama mtu anayekagua kama kila kitu bado kipo. Walipofika nyumbani alikaa kitandani, akavua viatu, akasema alilotaka.

"Nataka nimwone mume wangu akikimbia."

"Utamwona. Jumapili tutapiga simu."

"Si kwenye simu, baba. Kwenye simu mtoto hana miguu. Miaka mitatu hii ni uso na paji la uso, uso na paji la uso. Sijui hata anatembeaje. Wewe ulivyokuwa mdogo miguu ilikuwa imepinda, mama mkwe aliniambia. Nataka nijue kama kakurithi."

"Miguu yangu imepinda wapi?"

"Rubani, nipeleke kabla jicho halijafungwa."

Alisema hivyo, na hakuwa mtu wa kuomba. Rubani alipiga moyo konde. Waliuza kiwanja kidogo walichokuwa wakikilipia tangu binti akiwa shuleni, kile walichosema watakijenga uzeeni, kana kwamba uzee ulikuwa bado uko njiani. Wakaomba viza. Mwalimu alikaa kwenye stuli ya mumewe, naye akamshika kidevu kwa vidole viwili kama mteja mwingine yeyote, akamwambia asitabasamu. Alitabasamu. Ikabidi warudie mara nne.

Viza zilitoka mwezi wa pili baada ya kuomba. Ilitakiwa wawe wameingia huko ndani ya miezi mitatu. Asubuhi hiyo hiyo wakala wa tiketi, jirani yao wa kibanda cha tatu, aliwatajia nauli. Ilikuwa kubwa, lakini pesa ya kiwanja iliifikia na ikabaki kidogo.

"Kata," alisema Mwalimu.

Rubani akafumba macho kama mtu aliyeumwa na jino. "Hiyo ni bei ya kupigwa."

"Ipo na tunayo. Kata twende."

"Mwalimu, mimi nikilipa bei hiyo nitaweka wapi uso wangu? Tungoje Jumanne. Itashuka tu. Kitakachobaki tutanunulia dawa yako ya mwaka mzima."

Hilo la dawa lilikuwa la kweli, na ndilo alilojitetea nalo baadaye. Lakini lilikuwa nusu tu. Nusu ya pili ni kwamba mtaa mzima ulikuwa unasubiri kusikia Rubani amekata kwa kiasi gani, na yeye alikuwa ameshaanza kuisikia hadithi hiyo masikioni mwake. Mtu mzima, mwenye mke anayepofuka, akaweka mbele sifa za kibandani. Hakuna namna nyingine ya kulisema.

Jumanne ya kwanza nauli haikushuka. Ya pili ilishuka kidogo, kengele ikalia, Rubani akasema, "Unaona? Wameanza kuogopa. Tuwaache waogope vizuri." Ya tatu ikapanda. Ya nne shule zilikaribia kufungwa, familia zenye watoto zikaanza kununua viti, na nauli ikaruka juu ya pesa ya kiwanja. Ya tano hata wakala alipunguza sauti alipoitaja. Rubani alikata picha za watu siku hiyo akazipinda zote, ikabidi azichapishe upya bure.

Mwalimu hakumlaumu. Jioni alikuwa akikaa barazani, mkono mmoja mbele ya uso, akiusogeza pole pole kutoka kando kuja katikati, kupima vidole vinaanzia kuonekana wapi. Akimsikia mumewe anakuja, aliushusha mkono na kuuliza habari za kazi.

Wiki ya sita alikuja kupiga picha muuguzi mmoja, binti mcheshi aliyekuwa akisafiri mara kwa mara. Rubani, kwa mazoea tu, akamuuliza amekata kwa kiasi gani. Alipotaja, Rubani alishusha kamera. Ilikuwa kama nusu ya bei ya wakala.

"Umefanyaje, mwanangu?"

"Nimekata vipande viwili. Ndege ya kwanza ya kampuni moja mpaka mji wa katikati. Pale nachukua ndege ya kampuni nyingine, zile za bei ya chini. Wakala hawezi kukuonyesha hiyo, hapati chochote."

Rubani aliona haya kwamba hakulijua hilo. Miaka ishirini na miwili! Hakuuliza zaidi, maana mtaalamu haulizi sana. Aliketi na simu yake, akatafuta mchana kutwa, akavipata vipande viwili. Mji ni ule ule, siku ni ile ile, na kati ya ndege na ndege kulikuwa na saa sita, muda wa kutosha hata kwa mtu asiyeona vizuri. Begi la mkononi tu, ili wasihangaike na mizigo. Pesa ya kiwanja ilitosha na chenji ikabaki. Akabonyeza kulipa. Maandishi madogo yalisema tiketi hizo hazirudishwi wala hazibadilishwi, na yeye alikuwa amewaelezea wateja maandishi hayo mara elfu: ndiyo bei ya urahisi, alikuwa akisema.

Mtaa ulishangilia. Wakala mwenyewe alikuja kumpa mkono.

Siku ya safari walifika uwanja wa ndege saa nne asubuhi, muda wa saa tano kabla ya ndege kuruka. Mwalimu alikuwa na viatu vipya na mashati mawili juu ya gauni, kwa ajili ya begi. Alimshika mumewe kiwiko. Kupitia ule uwazi mdogo uliobaki katikati ya macho yake alisoma kila bango lililokuwa mbele yake, na akakuta kosa kwenye moja.

"Wameandika vibaya, baba."

"Watasahihisha wakiona umeondoka."

Msichana wa kaunta alichukua pasipoti, akazitazama, akaandika kwenye kompyuta, akasita. Aliandika tena.

"Mzee, viza ya hapa katikati iko wapi?"

"Sisi tunapita tu, binti yangu. Tunakaa humo humo ndani."

"Mngekuwa na tiketi moja, mngekaa ndani. Hizi ni mbili. Kwa hesabu zetu safari yenu inaishia hapo."

"Hatuna mzigo. Begi la mkononi." Rubani alilinyanyua begi aone.

"Si mzigo, mzee. Ndege ya pili hairuki kutoka uwanja huo. Mji huo una viwanja viwili. Mtatoka nje, mtapanda basi mwendo wa saa nzima mpaka uwanja wa pili. Kutoka nje ni kuingia nchini kwao, na kuingia ni kwa viza."

Rubani alizikunjua tiketi. Jina la mji alilisoma pale kwenye tiketi zote mbili, na lilikuwa moja. Kwamba mji mmoja unaweza kuwa na viwanja viwili vya ndege, hilo halikuwahi kuingia kichwani mwake. Nani angemwambia? Alijua bei ya kila mlango, lakini hakuwahi kupita hata mmoja. Mtu yeyote aliyesafiri mara moja tu angeuliza.

Msichana alikuwa na huruma. Alikwenda kwa mkubwa wake, akarudi, akaenda tena. Wakaambiwa wasubiri pembeni. Rubani alimpigia yule muuguzi.

"Lakini Rubani," alisema muuguzi, na sauti yake ikabadilika, "mimi nina kibali cha kuishi kule. Natoka na kuingia nitakavyo. Nilidhani unajua."

Walisubiri mpaka alasiri. Dirisha lilikuwa kubwa, na ndege zilionekana zimepangana nje. Mwalimu aliugeuza uso wake kidogo kidogo mpaka akaipata moja.

"Ile ndiyo yetu?"

"Ndiyo."

"Kubwa," alisema, naye akaitazama mpaka iliporudishwa nyuma, ikageuka, na kuondoka kwenye uwazi wake.

Rubani alijua kwamba inafaa aseme neno. Alimvua shati moja, kwa kuwa alikuwa anatoka jasho, akalikunja, akaliweka kwenye begi. Kisha wakarudi nyumbani.

Tiketi hazikurudishwa. Viza ziliisha wiki tatu baadaye, zikiwa safi bila mhuri hata mmoja. Kiwanja kilikuwa kimeshachimbwa msingi na wenyewe wapya. Mwanzoni Rubani alingoja watu wamcheke, akajiandaa hata na majibu. Hawakumcheka. Walianza kumwita mzee badala ya Rubani. Wateja walikaa kwenye stuli, wakapigwa picha, wakalipa, na hakuna aliyetaja nauli mbele yake. Utani ulipokwisha ndipo alipojua amekula hasara ya kiasi gani. Alibandua nambari ya simu aliyokuwa ameibandika mlangoni kwa ajili ya ushauri wa tiketi, gundi ikabaki, akaifuta kwa mafuta ya taa, alama ikabaki.

Kengele tu ndiyo hakuizima. Kila alipoifungua simu ili aizime aliona majina ya miji miwili, watu wawili, kwenda na kurudi, na kidole kikakataa.

Matone ya dawa yalinunuliwa mwezi huu, ukapita mwezi bila, yakanunuliwa tena. Asubuhi moja Mwalimu aliamka, akakaa kitandani kwa muda, akasema, "Leo umelala sana, baba, hata madirisha hujafungua." Madirisha yalikuwa wazi yote. Jua lilikuwa limeangukia mapajani mwake. Rubani alinyanyuka, akaenda dirishani, akashika komeo, akafanya kelele kama anayefungua. Baada ya hapo hakujua afanye nini kingine. Mwalimu alisikiliza, halafu akasema kwa upole kwamba asijisumbue, ameshaelewa.

Alimkataza asimwambie binti. "Atakuja," alisema. "Ataacha karatasi zake aje. Mwache."

Basi walimficha. Ikawa miezi mitatu. Simu ikipigwa, Rubani aliishika, Mwalimu akazungumza, na kwa kuwa alikuwa mwalimu aliweza kuzungumza kwa namna ambayo ungesema anaona kila kitu. "Umekonda," alimwambia bintiye, na binti akakubali kwamba amekonda.

Siku moja alasiri binti alipiga akiwa na furaha. Alikuwa na zamu ya mapumziko, amempeleka mtoto kwenye bustani. "Mama, leo nimekumbuka lile lako la miguu! Nimeiegemeza simu kwenye benchi, nimeiweka mbali. Angalia sasa. Angalia!"

Mtoto alikimbia. Rubani alimwona mzima mzima, kutoka kichwani mpaka viatuni, akienda mpaka kwenye mti na kurudi, mikono imetanuka. Miguu ilikuwa imepinda, sawasawa na yake mwenyewe. Alitaka kusema, lakini asingeweza kumwambia mkewe mbele ya simu kitu ambacho ilipasa awe amekiona. Mwalimu alikuwa akicheka na kupiga makofi. Uso wake ulikuwa umeelekea ukutani, kwenye kalenda.

Mtoto alirudi mbio mpaka karibu, pua ikajaa kwenye kioo cha simu.

"Bibi, mbona hunitazami?"

Makofi yalisimama. Rubani alinyoosha mkono, akamshika mkewe kidevu kwa vidole viwili, akaugeuza uso wake taratibu, mpaka macho yakaielekea simu.

"Nakutazama, mume wangu," alisema Mwalimu. "Nakutazama sana. Hebu kimbia tena."

Akakimbia tena. Rubani hakuviondoa vidole mpaka simu ilipokatwa.

Baadaye Rubani akamwambia, "Imepinda."

"Sana?"

"Kama yangu."

"Maskini mume wangu," alisema Mwalimu, na akacheka, na cheko hilo likavunjika katikati, akaficha uso kwenye kanga ya kitandani na kulia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya daktari. Rubani alimshika mgongo. Naye alilia, lakini kimya kimya, kwa kuwa hakuona kama ana haki ya kusikika.

Ndipo kengele ikalia, ule mlio mfupi wa kukera. Mwalimu aliinua kichwa. Mlio huo aliujua kama alivyojua hodi ya mlango wake.

"Imeshuka?"

Rubani alitazama. Katika miaka yote hakuwahi kuiona nauli ikiwa chini namna hiyo. Kampuni moja, tiketi moja, hakuna kushuka popote, watu wawili kwenda na kurudi, chini ya nusu ya zile pesa walizotupa. Mfukoni alikuwa na hela ya matone ya wiki mbili. Aliifuta simu kwa shati, akaangalia tena, kisha akaifunika kifudifudi kwenye goti.

"Imepanda," alisema.

Mwalimu alijipangusa macho kwa kanga, akaikunja vizuri, pembe kwa pembe.

"Basi usisikitike, baba. Tungoje Jumanne."

"Tungoje," alisema Rubani.

Siku hiyo ilikuwa Jumanne.